Soli ya ndani katika viatu vya kikapu: aina nne nilizozijaribu kwenye saruji ya Mwanza

Kwa miezi mitano, jioni tatu za kila wiki, nimekuwa nikibadilisha soli za ndani katika jozi moja ya viatu vya mpira wa kikapu ili nipate kulijibu swali ambalo vijana ninaowafundisha huniuliza kila wanaporudi kutoka soko la Mlango Mmoja wakiwa na raba za mtumba mkononi: je, mtu anunue soli nyingine ya kuweka ndani, au ile iliyokuja na kiatu inamtosha? Soli ninayoikusudia ni kile kipande chembamba kinachokaa moja kwa moja chini ya wayo, ambacho katika viatu vingi huchomoka kwa mkono. Nimejaribu aina nne, zote kwa fedha zangu, na hakuna muuzaji aliyenipa hata kipande cha bure. Kwa asiye na muda wa kusoma yote, niseme mapema kwamba wachezaji wengi wa hapa watanufaika na soli nzuri ya ndani, ila manufaa yenyewe si yale wanayotangaziwa, na ile aina niliyosifiwa kuliko zote ndiyo niliyoitoa kiatuni mapema kuliko zote.

Ni haki msomaji ajue mguu uliofanyiwa majaribio haya. Nina miaka 41, kilo 86, navaa namba 44, na nyayo zangu zina upinde wa chini kiasi kwamba nikitoka kuoga na kukanyaga sakafu kavu, alama inayobaki ni ya wayo karibu mzima. Nacheza chini ya kikapu, kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuruka na kutua, na mwaka jana kisigino cha kulia kilianza kuniuma kila asubuhi katika hatua za kwanza nikishuka kitandani. Uwanja wetu ni wa shule, upande wa Nyegezi, wa saruji tupu, wenye vumbi wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Ninalitaja hili kwa sababu kikapu ni mchezo uliozaliwa ndani ya ukumbi. James Naismith aliubuni huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, akitafuta zoezi la kuwafanyisha vijana ndani wakati wa baridi, na hadi leo mashindano makubwa huchezwa juu ya mbao zinazobonyea kidogo mchezaji anapotua. Saruji haibonyei. Kila unaporuka na kurudi chini, mguu hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na sehemu ya nguvu hiyo ambayo mbao zingeimeza inaachiwa kiatu na mwili wako.

Hapo ndipo kosa la kwanza la wanunuzi wengi lilipo, nami nililifanya. Mtu anahisi kiatu kigumu, anadhani ugumu huo unatoka kwenye soli ya ndani, kisha anakwenda kununua iliyo laini zaidi. Kiatu cha kikapu kina tabaka tatu chini ya mguu: mpira wa nje unaoshika uwanja, povu nene la katikati, na juu yake ile soli ya ndani. Kazi ya kupunguza kishindo ni ya povu la katikati, ambalo kisiginoni linaweza kuwa na unene wa sentimita mbili au zaidi, ilhali soli ya ndani iliyokuja na viatu vyangu ilikuwa na milimita nne tu. Povu la katikati likishakufa, hakuna kipande cha milimita nne, wala cha sita, kitakacholifufua.

Na povu hufa, tena katika mtumba hufa kabla kiatu hakijafika sokoni. Aina inayotumika sana, inayojulikana kwa herufi EVA, hujibana polepole kila inapokanyagwa hadi inapoteza uwezo wa kujirudi. Utaiona ubavuni mwa kiatu ikiwa na mikunjo midogo ya mlalo isiyotoweka hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Aina ya pili, poliyurithani, ina ugonjwa wake wa siri: unyevu wa hewa huivunjavunja taratibu hata kama kiatu kimekaa kabatini bila kuguswa, na siku kinapovaliwa, soli humomonyoka kama mkate mkavu. Mwanafunzi wangu mmoja alinunua jozi ya kupendeza, nyeupe, isiyo na mkwaruzo, kwa muuzaji aliyemwapia kwamba ni gredi ya kwanza. Katika robo ya tatu ya mchezo wake wa kwanza kisigino kilibaki uwanjani, yeye akaendelea mbele na kiatu kilichobaki. Muuzaji hakuwa mwongo, kwa maana kiatu kweli hakikuwa kimevaliwa. Kilikuwa kizee tu. Kwa hiyo kabla hujafikiria soli ya ndani, liminye povu la ubavuni kwa kidole gumba uone kama linarudi, kisha viweke viatu mezani na uvitazame kwa nyuma. Kimoja kikiwa kimelalia upande, iweke fedha yako kwa ajili ya viatu vingine.

Tafiti nazo haziungi mkono ahadi za ulaini. Uchambuzi uliokusanya majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo ulionyesha kwamba soli za kufyonza kishindo hazikupunguza majeraha, wakati soli zenye umbo la kuushikilia wayo zilionekana kuyapunguza kwa kiasi fulani. Majaribio mengi katika uchambuzi huo yalifanywa kwa askari walioko mafunzoni, ambao mchezo wao ni kutembea na kukimbia na mizigo, hivyo sitadai kwamba matokeo yanamhusu mchezaji wa kikapu neno kwa neno. Lakini tofauti baina ya kulainisha na kushikilia ndiyo niliyoikuta katika miguu yangu mwenyewe, kabla hata sijajua kwamba kuna waliokwisha kuichunguza.

Soli ya kwanza niliinunua kwa machinga wa Makoroboi kwa shilingi 3,000. Ni sponji jepesi lenye kitambaa juu, limechapwa mistari ya namba ili ulikate kwa mkasi. Baada ya wiki mbili lilikuwa limebanwa likawa kama karatasi chini ya kisigino. Silidharau hata hivyo: kama soli ya zamani inanuka au imechanika, na kiatu chenyewe kinakukaa vizuri, sponji hili litakupa sehemu safi ya kukanyaga kwa bei ya sahani ya chakula. Usitarajie zaidi.

Ya pili ni ya jeli, ile ya buluu inayong'aa ambayo muuzaji huibonyeza kwa kidole mbele yako hadi ushawishike. Niliipata dukani katikati ya jiji kwa shilingi 25,000, na ndiyo niliyoambiwa na kila mtu kuwa dawa ya saruji. Nikiwa nimesimama tu, nilikubaliana nao. Ilikuwa kama kukanyaga tope la pwani ya ziwa asubuhi. Matatizo yalianza mpira ulipoanza kudunda. Niliipima jozi hiyo kwenye mizani ya duka la jirani nikakuta gramu 190, wakati soli zangu za asili zilikuwa na gramu 50, na uzito huo wa ziada mguu unaujua vizuri inapofika robo ya nne. Pili, jeli haibonyei kwenda chini tu, inabonyea pia kwenda pembeni. Mchezaji wa kikapu hutumia sehemu kubwa ya muda wake akisukuma kwa ubavu wa mguu, iwe ni kumzuia mwenye mpira au kubadili upande ghafla. Kila nilipofanya hivyo nilihisi wayo umeshakwenda wakati kiatu bado kinafuata. Ucheleweshaji huo ni mdogo mno, lakini ndio unaoamua kama umemkaba mtu au umebaki ukimtazama mgongo.

Tatizo la tatu ndilo lililonifanya niitoe. Soli ile ilikuwa nene kisiginoni, ikaninyanyua kiasi kwamba ukingo wa kiatu uliokuwa ukinikumbatia chini kidogo ya kifundo ukawa umeshuka, na kisigino kikawa kinataka kuchomoka kila nikikimbia. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001, uliowafuatilia wachezaji wa kikapu zaidi ya 10,000, ulikuta kwamba waliovaa viatu vyenye vifuko vya hewa kisiginoni waliumia vifundo mara 4.3 zaidi ya wasiovaa. Vifuko vya hewa na jeli ni vitu viwili, na sitaki kuvichanganya. Ila mtu aliyewahi kuteguka kifundo, ambaye kwa mujibu wa utafiti huohuo hatari yake ya kuumia tena ilikuwa karibu mara tano, ana sababu ya kutosha ya kukiogopa chochote kinachokifanya kisigino kielee. Mimi niliteguka mwaka 2019. Nilicheza na jeli siku sita, nikamgawia shemeji yangu anayeuza duka na kusimama kutwa nzima, naye anaishukuru hadi leo.

Soli ya tatu ilinigharimu zaidi ya nyingine zote kwa pamoja: shilingi 90,000, iliyotengenezwa na kampuni ya Marekani, nikaagiziwa na rafiki kutoka Dar es Salaam. Haina ulaini wa kujivunia. Chini yake kuna bamba la plastiki kutoka kisiginoni hadi katikati ya wayo, kisigino chake kina umbo la kikombe, na upinde wake umeinuka. Siku ya kwanza nilijuta, kwani ilinisukuma chini ya wayo kama mtu aliyeficha kijiko kiatuni, na kwa kuwa nilikuwa mkaidi nikacheza nayo mchezo mzima, nikapata lengelenge la ukubwa wa sarafu ya shilingi 100. Kosa lilikuwa langu. Soli ya namna hii huvaliwa kwanza saa moja kwa siku katika shughuli za kawaida, kisha mbili, kisha mazoezi mepesi, na mchezo kamili huja baada ya wiki moja na nusu hivi. Nilipofuata utaratibu huo mguu uliizoea, na kufikia wiki ya tano maumivu ya asubuhi ya kisigino yalikuwa yamepungua sana. Sisemi ni soli peke yake iliyoyapunguza, kwa sababu kipindi hicho pia nilikuwa nikinyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila asubuhi, na maumivu ya aina hii mara nyingi huondoka yenyewe kwa kadiri miezi inavyopita.

Kuna wanaoamini kwamba soli isiyochongwa kwa kipimo cha mguu wako na mtaalamu haina maana. Jaribio la Australia la mwaka 2006, lililokuwa na watu 135 wenye maumivu chini ya kisigino, liliwalinganisha waliopewa soli zilizotengenezwa tayari na waliochongewa za kwao; nafuu ilikuwa ndogo na ya muda mfupi kwa wote, na makundi hayo mawili hayakutofautiana. Wayo bapa wenyewe, ambao baadhi ya wauzaji huutaja kwa sauti ya kutisha, si ugonjwa. Wapo wachezaji wengi wenye nyayo kama zangu wasio na maumivu yoyote, na hao hawana sababu ya kununua upinde wa plastiki.

Soli ya nne sikuwa nimeipanga. Nilikuwa nimepeleka kiatu kwa fundi wa barabara ya kwenda Igogo ili anishonee ukingo uliofumuka, kazi anayoifanya kwa uzi wa nailoni usiotofautiana na ule wa nyavu, nikamwonyesha na ile soli ya bei kubwa ili nijisifu kidogo. Aliigeuza, akaipindapinda, kisha akaniambia nivae kiatu nisimame. Akaingiza kidole kisiginoni, akabonyeza juu ya vidole, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, wewe mguu wako unaogelea. Hiki kiatu ni kipana kuliko wewe."

"Lakini ni namba yangu, fundi."

"Namba ni ya urefu. Upana haujaandikwa popote, Mwalimu."

Katika miezi yote ya kuhangaika na kishindo sikuwa nimelifikiria hilo. Mtu anayenunua mtumba hachagui upana, anachukua jozi iliyopo. Mara nyingi hata urefu anaukadiria, akiongeza namba moja kwa sababu ndiyo iliyobaki. Wayo unaoteleza ndani ya kiatu hugonga mbele kila unapofunga breki, ndipo kucha za vidole gumba zinapokuwa nyeusi, na husuguana na kitambaa hadi malengelenge yanatokea hata kama povu ni zima kabisa. Kwa tatizo hilo, soli ya ndani ni dawa hasa, kwa sababu inapunguza nafasi iliyozidi. Fundi alinichorea nyayo zote mbili kwenye boksi la katoni, akakata tabaka moja la povu gumu la aina ya kandambili, lenye unene wa milimita tano, akalipandisha kidogo upande wa ndani ambako upinde wangu unalala, akagundisha ngozi nyembamba juu na kuishona kingo. Alinitoza shilingi 12,000 pamoja na ule ukingo. Kiatu kikanikamata kwa namna ambayo hakijawahi kunikamata, kamba zikafunga bila kukunjana, na nilipobadili upande ghafla, kiatu na mguu viliondoka pamoja.

Ngozi ina udhaifu wake, lazima niseme. Ikilowa jasho huteleza kwa wiki ya kwanza hadi inapochakaa kidogo, na haikauki upesi. Povu la kandambili nalo ni gumu kwa mtu mwepesi; binti mmoja wa timu yetu mwenye kilo 52 alijaribu kama yangu akasema ni kama ubao, na fundi akamtengenezea nyingine kwa povu laini zaidi. Faida ya fundi ni hiyo: unarudi kesho yake ukalalamika, na yeye anakata tena.

Kwa atakayenunua au kutengenezewa, jambo moja nalisisitiza kuliko mengine: toa soli ya zamani kwanza. Vijana wengi huweka mpya juu ya ile iliyomo, kisha hushangaa vidole vinapokufa ganzi na kisigino kinapochomoka. Ikiwa imegundishwa, kiache kiatu juani dakika chache gundi ilainike, ivute taratibu ukianzia kisiginoni, kisha itumie hiyohiyo kama kiolezo cha kukatia mpya. Kata upande wa vidole tu, kidogokidogo, kwani kilichokatwa hakirudi. Jaribu wakati wa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, ukiwa na soksi zilezile unazochezea, na usitosheke kwa kusimama. Ruka, sogea kwa ubavu kama unayemkaba mtu, kimbia hatua tano na usimame ghafla. Kisigino kikinyanyuka, au vidole vikigusa juu ya kiatu, soli hiyo ni nene mno hata kama ni nzuri kiasi gani.

Baada ya mazoezi, zichomoe. Hewa ya ziwani ina unyevu, na kiatu kilichofungiwa kwenye mkoba na jasho lake hadi kesho ni makazi mazuri ya fangasi. Mimi huzianika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huzikunja. Dagaa ndio wanaopenda kulala juani kutwa, kwa povu haifai.

Yapo maumivu ambayo soli haipaswi kuguswa kabla ya daktari. Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijaribu soli ngumu kwa kubahatisha, kwa kuwa jeraha ambalo mimi ningelihisi ndani ya dakika kumi yeye anaweza kuligundua baada ya siku tatu. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayelalamikia nyuma ya kisigino kila baada ya mazoezi mara nyingi ana tatizo kwenye sehemu ya mfupa inayokua; kipande cha kuinua kisigino kinaweza kumpa nafuu, lakini kupunguziwa mazoezi ndiyo tiba kubwa, na walimu tunaowaandaa kwa mashindano ya michezo ya shule (UMISSETA) tunalisahau hilo kwa urahisi. Maumivu yanayozidi wiki kadhaa, au yanayoegemea mfupa mmoja ambao ukiguswa tu mtu anaruka, yaende Bugando au hospitali iliyo karibu. Na kwa anayehitaji soli ya matibabu hasa, nchi ina wataalamu wake. Chuo kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu wa vifaa vya viungo tangu mwaka 1981.

Baada ya miezi hiyo mitano, viatu vyangu vya mazoezi vina soli ya fundi, na ile ya shilingi 90,000 imehamia kwenye viatu vya kazini, ambako nasimama mbele ya ubao saa sita kwa siku na ambako naona inastahili bei yake zaidi kuliko uwanjani. Ya fundi imeanza kulainika chini ya kidole gumba cha kulia na nadhani itahitaji kubadilishwa kabla ya vuli. Katoni zangu mbili bado zimetundikwa kwenye msumari wa kibanda chake, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi "Mwl. kushoto" na "Mwl. kulia", naye ameniahidi kwamba safari ijayo nitalipia povu na ngozi tu, kipimo tayari anacho.